Jigi 117 na rasta za mwanangu

Binti yangu alikaa sakafuni Jumapili nzima akihesabu jigi zangu, ndoana zangu za kuvulia samaki. Zilifika 117. Alizipanga rangi kwa rangi kwenye trei za mayai, akarudi nyuma akazitazama kama mwenye duka la vitenge, kisha akaniuliza, "Mama, zote hizi za samaki mmoja?" Nikamwambia ndiyo, za krapi. "Na jana ulileta krapi wangapi?" Nikamtuma akanawe mikono. Kichwa cha jigi ni risasi, na mtoto hachezei risasi.

Jumamosi ile sikuleta hata mmoja. Jirani yangu, mzee wa miaka 78, tulikuwa kiboti kimoja, yeye mbele mimi nyuma, na alipata kumi na wanne. Tulikuwa Blood River, hori la upande wa magharibi wa ziwa Kentucky, si mbali na hapa Murray, jimbo la Kentucky, Marekani, ninapoishi. Mto wa Damu: mama yangu kila nikimtajia jina hilo ananisomea dua kwenye simu. Mzee yule hana kisanduku cha droo nne kama changu. Ana kopo la peremende, ndani yake jigi zisizofika kumi, za rangi tatu. Nyeupe na pinki. Nyeusi na kijani-njano. Na moja ya kijivu ambayo sijawahi kumwona akiitumia.

Kwa wasiomjua krapi: ni samaki bapa kama changu, wa rangi ya fedha na madoa meusi, mwenye mdomo mpana wa ngozi nyembamba hivi kwamba huku wanamwita mdomo wa karatasi. Wenyeji wengi hutamka "kropi". Kule Louisiana wanamwita sac-a-lait. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi, na ukitaka kuwatofautisha usitazame rangi, hesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni: mweupe ana 5 au 6, mweusi ana 7 au 8. Krapi mweupe mkubwa kuliko wote kwenye rekodi alivuliwa Enid, Mississippi, mwaka 1957, akapimwa pauni 5 na aunsi 3, yaani kama kilo 2 na theluthi. Mjomba wangu wa Kigombe, Tanga, mvuvi wa baharini, nilipomwambia hivyo alisema kwao huyo ni chambo.

Lakini mjomba hajamla. Krapi aliyetiwa chumvi, ndimu na pilipili manga, akapakwa unga wa mahindi akakaangwa, na ugali pembeni, ananifanya nisahau kwamba nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na sijalala.

Turudi kwenye jigi. Jigi ni ndoana iliyoyeyushiwa kichwa cha risasi, ikavalishwa kitu laini: manyoya, nywele, au plastiki yenye umbo la samaki mdogo. Haina fundo la siri. Siri, kama ipo, iko kwenye uzito na rangi, na mimi kwa misimu mitatu nimekuwa nikianzia upande usio wenyewe.

Majira ya kuchipua krapi wanahama. Maji yakiwa nyuzi 10 hadi 13 hivi bado wako kwenye kina, wamejipanga kando ya mikondo ya zamani ya vijito vilivyofunikwa ziwa lilipojazwa. Bwawa la Kentucky lilikamilika mwaka 1944, na chini ya maji hayo bado kuna vijito, barabara na visiki. Maji yakipanda nyuzi 15 na kuendelea wanasogea kwenye maji mafupi kutaga, na dume anageuka mweusi kidevuni na kifuani, anakaa analinda kiota kama askari wa getini. Wazee wa hapa hawahitaji kipimajoto. Wanatazama miti: mti wa redbud ukitoa maua ya zambarau, anza kujiandaa, ule wa dogwood ukichanua meupe, usionekane nyumbani. Hata baridi zinazorudi ghafla wamezipa majina ya miti hiyo, baridi ya redbud, baridi ya dogwood, kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi. Baridi hiyo ikirudi samaki anarudi nyuma kidogo na kununa.

Kwenye ziwa hili kuna jambo jingine. Mwanzoni mwa Aprili TVA, wanaoendesha bwawa, huanza kulijaza. Kimo cha majira ya baridi ni futi 354 juu ya usawa wa bahari, cha kiangazi ni 359. Futi tano, mita moja na nusu, zinaingia ndani ya mwezi mmoja. Kichaka ulichokitembelea wiki iliyopita kwa viatu vikavu wiki hii kina maji ya magoti, na krapi wameshaingia humo. Wao wanahama kila siku kadhaa, mimi nilikuwa nimeshikilia mawazo ya wiki iliyopita.

Jumamosi ile kulikuwa na upepo. Nikafunga jigi ya sehemu ya nane ya aunsi, gramu tatu na nusu, kwa sababu inarushika vizuri na upepo hauibebi. Nikarusha kwenye vichaka. Kimya. Nikabadilisha rangi. Kimya. Nikaweka ya bluu, nikaweka ya chungwa, nikaweka ile waliyoipa jina la kuku wa umeme. Sitanii, ndilo jina lake: pinki na kijani-njano, ina chengachenga. Ipo nyingine inaitwa maziwa ya nyani. Ukiingia duka la zana za uvuvi huku, ukuta mzima ni pakiti hizo, na mimi mtu niliyelelewa kwa kuchagua kanga sokoni Tanga siwezi kupita ukuta wa rangi nikatoka mikono mitupu. Mpaka saa sita nilikuwa nimekata mshipi na kufunga upya mara kumi na tisa. Najua ni kumi na tisa kwa sababu nina daftari la shule la kurasa 96, na huwa naandika kila kitu.

Mzee hakubadilisha hata mara moja. Alikuwa na ufito wa futi kumi, kiboya kidogo kama punje ya korosho, na chini yake, kama shubiri tatu, jigi ya sehemu ya thelathini na mbili ya aunsi. Hiyo haifiki gramu moja. Anaishusha pembeni ya kichaka taratibu, anaiacha. Kiboya kinalala ubavu. Anainua.

Saa sita ndipo akaniambia, bila kugeuka, "Rangi yako haina neno. Jigi yako inaanguka."

Nikaona ananitania. Jigi zote zinaanguka. Lakini nilipofika nyumbani nilichukua simu, nikaenda kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba, nikaanza kuzitumbukiza moja moja huku nahesabu. Ile ya sehemu ya nane haikufika sekunde mbili, iko chini. Ya sehemu ya kumi na sita, sekunde tatu na kidogo. Ya thelathini na mbili yenye manyoya ilichukua tano, karibu sita, tena ikishuka inapumua, manyoya yanafunguka na kufunga. Jirani wa upande wa pili alinichungulia juu ya ua akaamua asiulize.

Sasa fikiria krapi. Macho yake yako juu ya kichwa, anatazama juu. Chakula kikipita chini yake mara nyingi hana habari nacho. Kwenye maji mafupi kama yale, jigi yangu ilikuwa inampita mbele ya pua na kugonga tope kabla hajaamua. Halafu naivuta, naitoa tope, nairusha tena. Ya mzee ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa chake muda wote anaotaka kuwaza.

Nikampigia mjomba. Huyu ni kaka yake mama, ameanza kuvua akiwa mdogo kuliko binti yangu alivyo sasa, na siku zake nzuri zote zilikuwa za kurambaza. Vijana mnaosema mnarambaza intaneti, neno hilo mmelichukua kwa watu kama yeye: kuburura mshipi nyuma ya chombo, chambo kikimbie kama kitu kilicho hai.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umevua nini kwenye bwawa lako?" Haliiti ziwa. Na kweli ni bwawa.

"Sijavua kitu. Nimebadilisha rangi mara kumi na tisa."

"Mara kumi na tisa! Ulikuwa unavua au unavalisha bibi harusi?"

Nikamweleza habari ya pipa. Akanyamaza kidogo, nikasikia anasogeza kiti. "Sisi nguru tulikuwa tunamfuata kwa nyuzi za sandarusi. Unachambua mfuko mweupe wa unga, unafunga kwenye ndoana, basi. Upepo ukilegea, tanga likashuka, chambo kinazama, hata kenge hakitazami. Upepo ukirudi, zile zile nyuzi, wanazigombea. Mwenzio hapo angebadilisha nyuzi?"

"Asingebadilisha, mjomba."

"Haya. Na mama yako umempigia?"

Kwa hiyo sasa nachagua uzito kwanza, na sichagui kwa kina peke yake. Samaki wakiwa kwenye maji mafupi vichakani, ya thelathini na mbili chini ya kiboya, na siku za baridi ya dogwood hata ya sitini na nne, ambayo ni nyepesi mpaka nikiifunga nashika pumzi. Wakiwa bado mita mbili au tatu kando ya mkondo, ya kumi na sita, nairusha na kuhesabu inavyozama mpaka nijue hesabu waliyopo, halafu naivuta polepole juu yao. Ile ya nane naibakiza kwa upepo mkali na kina kirefu. Mshipi ni wa kuhimili pauni nne, na penye visiki vingi pauni sita. Na fundo: baada ya kila samaki lisogeze lirudi juu ya tundu, jigi ining'inie imelala. Ikikaa wima haifanani na samaki yeyote aliye hai. Krapi akigusa usikwatue kwa nguvu. Mdomo ni karatasi, utabaki na tundu na hadithi.

Rangi sijaziacha. Ningeziacha vipi, zimejaa trei za mayai? Ila sasa naitazama rangi ya maji kabla ya rangi ya jigi, na kwenye daftari naiandika kwa vinywaji. Mzee alicheka sana nilipomtafsiria.

Maji ya dafu ni yale maangavu yenye ukungu kidogo. Nashusha jigi nyeupe kando ya kiboti. Ikipotea machoni baada ya dhiraa mbili au zaidi, hayo ni madafu. Hapo nafuata rangi za vidagaa wanavyokula humu, shadi, vinavyong'aa fedha: nyeupe, kijivu, kijani hafifu chenye mwangaza ndani. Kitu kinachopiga kelele kwenye maji hayo mara nyingi kinanifukuzia wakubwa.

Chai ya rangi ni maji yanayopitisha mwanga lakini ya kahawia, yamelowekwa majani na mizizi ya msimu wa baridi. Watu hapa hupoteza pesa kwenye bluu. Maji ya namna hiyo yanaimeza bluu mapema, kwa hiyo jigi ya bluu uliyoinunua kwa uzuri wake, chini kule inaonekana nyeusi tu. Haina ubaya, nyeusi inavua, lakini basi nunua nyeusi. Mimi hapo naenda na pinki, chungwa, au nyekundu yenye mkia wa kijani-njano.

Halafu chai ya maziwa, baada ya mvua, mito imeshusha udongo na jigi nyeupe inapotea kabla ya shubiri mbili. Hapa ndipo nyeusi yenye mkia wa shatruzi, ile kijani-njano ya vizibao vya bodaboda, inapokula mshahara wake. Kiwiliwili cheusi kinachora kivuli dhidi ya anga samaki akitazama juu, na mkia unamwonyesha ncha iko wapi. Na kwenye maji hayo sogea karibu kabisa na kichaka. Samaki hawezi kufuata asichokiona.

Kuna chati moja inayozunguka sana, inaonyesha rangi nyekundu ikifa mapema, ikifuata chungwa, njano, na bluu ikiishi mpaka chini kabisa. Ni kweli kwa bahari. Mjomba angeweza kuitumia nje ya mwamba. Lakini krapi wa Aprili yuko kwenye maji yanayonifika mapajani, tena ya rangi ya chai. Nilipoteza msimu wangu wa kwanza wote kwa kuiamini chati hiyo, na nilikuwa nimeibandika kwenye jokofu.

Kuhusu manyoya, nina neno moja ambalo kila nikilisimulia kwa Wakongomani wa mji wa Lexington wanabisha. Jigi ya manyoya inayosifiwa kuliko zote inaitwa marabu. Jina ni la yule korongo mfuko-shingo, mwenye upara na kifuko shingoni, anayezengea majalala Kampala na Nairobi. Zamani manyoya yake laini ya chini yalisafirishwa kutoka kwetu kwenda kupamba kofia na nguo za mabibi wa Ulaya. Siku hizi yanayouzwa kwa jina hilo ni ya bata mzinga, jina tu ndilo limebaki. Lakini fikiria, ndege tunayemfukuza jalalani, huku jina lake linauzwa kwa pakiti na watu wanaligombea mwezi wa tatu.

Usiku wa Jumatatu sikuwa na zamu. Maneno ya mjomba kuhusu sandarusi yalikuwa yananizunguka. Kwenye droo ya binti yangu kulikuwa na mabaki ya rasta za Idi, pinki iliyokolea, fungu zima, alizikataa baada ya siku nne kwa sababu eti zinawasha. Nikabana koleo mezani, nikashika kichwa cha thelathini na mbili, nikakata rasta za unene wa kidole, nikafunga uzi. Ilikuwa kama ufagio. Ndani ya glasi ya maji haikucheza hata kidogo, ilisimama tu imefura. Nikatoa theluthi mbili. Bado ngumu. Nikazichovya kwenye maji ya moto kama tunavyochovya ncha za misuko, zikatulia, nikazichana kwa chanuo la chawa, nikabakiza chache, unene wa njiti ya kibiriti, urefu wa sentimita nne, na katikati nikachanganya nyeupe. Fundo nikaliziba kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Jaribio la nne ndilo lililoniridhisha. Haipumui kama marabu, nisiseme uongo. Lakini ina mtikisiko wake wa nchani, mdogo, na haichoki. Marabu ikishaliwa na samaki watano inabaki kama kuku aliyenyonyolewa.

Jumatano nilitoka kazini nikapitiliza moja kwa moja ziwani, mzee ananisubiri na chupa ya kahawa. Maji nyuzi 17, chai ya rangi, dogwood nyeupe juu ya kilima. Yamepanda tena, kichaka cha Jumamosi sasa kilikuwa na vichwa tu nje. Nikaweka kiboya, nikashusha pinki yangu shubiri mbili tu, nikaiacha. Nilikuwa bado natafuta mahali pa kuweka kikombe kiboya kilipolala.

Wa kwanza alikuwa dume mweusi tii, nikamrudisha kiotani kwake. Nilirudisha pia wawili wasiofika inchi 10, maana ndicho kipimo cha chini cha ziwa hili, na rula nimeichora kwa wino ubavuni mwa kiboti. Mpaka saa nne nilikuwa na tisa kwenye ndoo, kwa jigi ile ile moja. Mzee alikuwa na sita.

Akaniomba aione. Akavaa miwani, akaiweka kiganjani, akaigeuza, akaivuta nywele kidogo kwa kucha. Akaniuliza ni manyoya ya mnyama gani.

"Ya binti yangu," nikamwambia.

Alinitazama kwa muda. Ilibidi nimweleze habari ya rasta, na Idi, na kuwashwa, na alipoelewa alicheka mpaka kiboti kikatikisika na krapi wote wa kichaka kile nadhani wakaondoka. Anataka nimfungie tatu za pinki na mbili nyeusi. Za pinki zipo. Rasta nyeusi zilizopo ndani ni za kwangu, na nina harusi ya shoga yangu mwezi ujao.